Mstari Uliofichwa Ubaoni: Tunavyofundisha Kujumlisha na Kutoa Sehemu

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari ya hisabati ya shule ya msingi amekutana na jibu hili: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto amejumlisha cha juu kwa cha juu na cha chini kwa cha chini, akapata jibu safi lisilo na mfuto hata mmoja, akafunga daftari. Mara nyingi jibu hilo huwekewa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na mambo yakaishia hapo, kwa imani kwamba mtoto hakuwa makini au hakukariri kanuni aliyopewa. Hoja yangu ni kwamba kosa hilo halitokani na uzembe, bali ni zao la namna tunavyolipanga somo la sehemu, au akisami kama wanavyoziita wengine. Tunamfundisha mwanafunzi kuandika sehemu kabla hajaitambua kuwa ni namba yenye ukubwa wake, kisha tunampa mbinu ya kujumlisha iliyoificha hatua pekee yenye maana.

Tuliangalie kwanza jibu lenyewe. Nusu ni 5/10, na 2/5 ni 4/10. Maana yake ni kwamba mtoto alianza na nusu, akaiongezea kitu, na mwishoni akabaki na pungufu ya nusu. Mtoto huyohuyo akiwa na shilingi mia tano mfukoni, kisha akaongezwa nyingine, hawezi kukubali kuambiwa kwamba sasa ana mia nne. Atabisha na atadai zake. Tofauti ni kwamba shilingi anazijua kuwa ni kiasi, ilhali 1/2 na 1/3 kwake ni namba nne zilizopangwa juu na chini ya vistari viwili. Mbele ya namba nne na alama ya kujumlisha, amefanya alichozoea kufanya na namba, yaani amezijumlisha.

Kosa hilo lina chanzo kingine ambacho ni nadra kutajwa, nacho ni picha ya chungwa. Vitabu vingi huanza somo la sehemu kwa mchoro wa duara, liwe chungwa, mkate au chapati, lililogawanywa na kutiwa kivuli. Mchoro huo unafaa sana kueleza sehemu moja moja. Lakini linapofika suala la kujumlisha, mwanafunzi huchorewa maduara mawili ubavuni kwa ubavu: la kwanza lina vipande viwili na kimoja kimetiwa kivuli, la pili lina vipande vitatu na kimoja kimetiwa kivuli. Akiulizwa jumla, anahesabu. Vipande vyote ni vitano, vyenye kivuli ni viwili, basi jibu ni 2/5. Mtoto huyo amesoma kwa uaminifu kabisa kile alichochorewa. Aliyeteleza ni mchoraji, kwa sababu ameweka vizima viwili mahali ambapo swali linazungumzia kizima kimoja.

Ipo hata hali ambayo hesabu ya juu kwa juu na chini kwa chini ni halali. Mchezaji akipiga penalti mbili katika mechi moja na kufunga moja, kisha akapiga tatu katika mechi nyingine na kufunga moja, amefunga mbili kati ya tano. Hakuna wa kubisha. Hapo kizima chenyewe kimekua kutoka penalti mbili hadi tano, na ndiyo maana jibu linaangukia katikati ya 1/2 na 1/3, kama wastani. John Farey, mjiolojia wa Uingereza, aliandika mwaka 1816 kuhusu tabia za sehemu zinazopatikana kwa njia hiyo, na mpaka leo mfuatano wa namba hizo una jina lake katika hisabati ya juu. Kwa hiyo mtoto anayejumlisha juu kwa juu anafanya hesabu ya kweli, ila ni hesabu ya swali jingine, na mwalimu anayemwambia tu kwamba amekosa bila kumwonyesha swali alilolijibu anamnyima sababu ya kuiacha njia hiyo.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1978 tathmini ya kitaifa ya elimu nchini Marekani iliwauliza vijana wa miaka 13 wakadirie jumla ya 12/13 na 7/8, wakichagua kati ya 1, 2, 19 na 21, au waseme hawajui. Hawakutakiwa kukokotoa chochote. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia kizima, kwa hiyo jumla inakaribia 2. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Waliochagua 19, ambayo ni 12 na 7 zikijumlishwa, na waliochagua 21, ambayo ni 13 na 8, kila kundi lilikuwa kubwa kuliko la waliopata. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufundishwa kanuni yote ya kujumlisha sehemu, na huenda wangeweza kuitumia kupata jibu kamili kwa karatasi na kalamu. Walichokosa ni kuitazama 12/13 na kuiona kuwa ni kitu kimoja kilichobakiza kidogo tu kifike 1.

Sasa turudi kwenye ubao wetu. Katika shule nyingi za msingi za Tanzania, ambako hisabati inafundishwa kwa Kiswahili, utaratibu unaozoeleka ni huu: mwanafunzi anatafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili zote, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini, anachora mstari mmoja mrefu, anaandika KDS chini yake, kisha anaanza kuimba kimoyomoyo: gawanya kwa cha chini, zidisha kwa cha juu. Sita gawanya kwa mbili ni tatu, tatu mara moja ni tatu. Anaandika 3 juu ya mstari. Sita gawanya kwa tatu ni mbili, mbili mara moja ni mbili. Anaandika + 2. Tatu na mbili ni tano, jibu ni 5/6. Ni utaratibu wa haraka, hauli nafasi kwenye daftari, na mwanafunzi akiuzoea hakosei kirahisi.

Kilichopotea katika utaratibu huo ni mstari mmoja tu wa maandishi: 1/2 ni 3/6, na 1/3 ni 2/6. Mstari huo haupo popote kwenye daftari. Mwanafunzi ameandika 3 + 2 juu ya 6 bila kuambiwa kwamba ile 3 ndiyo nusu iliyobadilishwa vazi. Kwake, 6 ilitoka kwenye KDS, 3 ilitoka kwenye kugawanya na kuzidisha, na vyote hivyo ni amri za kufuata. Siku akisahau wimbo, hana pa kushika, na hapo ndipo 2/5 inaporudi, hata kwa wanafunzi ambao mwezi uliotangulia walikuwa wanapata maswali yote kumi. Walimu hushangaa kwa nini somo lililoeleweka mwezi wa tatu limesahaulika mwezi wa sita, lakini wimbo usiofungamana na maana ndivyo ulivyo, hupotea ukiacha kuimbwa. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika namna somo hili linavyofundishwa, ningeurudisha mstari huo kwenye daftari, na ningekataza mstari mrefu wa KDS kwa muhula mzima.

Maana ya kujumlisha sehemu haimo katika kujumlisha kwenyewe. Tatu na mbili ni tano kwa mtoto wa darasa la kwanza. Kazi yote imo katika kutafuta kipimo ambacho sehemu zote mbili zinaweza kuhesabiwa kwacho, yaani kuamua kizima kigawanywe katika mafungu mangapi ili nusu iwe idadi kamili ya mafungu na theluthi nayo iwe idadi kamili. Watu walioishi na hesabu hizi kabla ya kuwepo alama tunazotumia leo walilielewa hilo vizuri sana.

Karani wa Misri aitwaye Ahmes, katika mafunjo aliyonakili yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua Luxor mwaka 1858 na sasa yako katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, ana swali linalotaka kujua ni nini kiongezwe kwenye 2/3 na 1/15 ili kipatikane kizima kimoja. Kwa lugha yetu, ni 1 toa 2/3 toa 1/15. Wamisri waliandika karibu sehemu zao zote kwa kiasi, yaani namba ya juu, cha 1, isipokuwa 2/3, kwa hiyo kanuni ya ubao wetu isingewafaa. Karani anachofanya ni kuchukua 15 kuwa ndiyo kizima. Theluthi mbili za 15 ni 10, sehemu moja ya kumi na tano ni 1, na namba hizo mbili anaziandika kwa wino mwekundu. Kumi na moja zimekwisha, zimebaki nne. Nne hizo anazivunja kuwa tatu na moja, na jibu lake ni 1/5 na 1/15. Wino ule mwekundu ndio mstari tulioufuta kwenye madaftari ya watoto wetu.

Hesabu ya namna hiyohiyo inafanyika leo Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na kila palipo na Waislamu wanaogawa mirathi, na kwa maoni yangu ndiyo darasa bora la kujumlisha na kutoa sehemu lililopo katika jamii ya Waswahili, ingawa haliitwi hivyo. Mafungu yaliyotajwa katika Kurani, sura ya An-Nisaa, ni sita: nusu, robo, thumni (1/8), theluthi mbili, theluthi na sudusi (1/6). Anayegawa haanzi kujumlisha chochote. Baada ya gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi kuondolewa, jambo la kwanza analolitafuta ni asili ya mas-ala, namba ambayo kila fungu la mrithi litatoka humo likiwa kamili. Kwa mafungu yale sita, asili zinazoweza kupatikana ni saba tu: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24.

Tuchukue mtu aliyefariki akaacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwa kuwa kuna watoto, mke anapata thumni na mama anapata sudusi. Asili ni 24: mke ana mafungu 3, mama ana 4, jumla 7, yamebaki 17. Hapo tumekwisha kufanya 1/8 + 1/6 = 7/24 na 1 − 7/24 = 17/24 bila kuchora mstari hata mmoja. Yale 17 ni ya watoto, wa kiume akipata maradufu ya wa kike, yaani yanatakiwa kugawanyika kwa tatu, na 17 haigawanyiki kwa tatu. Mgawaji haandiki desimali. Anarudi kwenye asili na kuizidisha kwa 3, inakuwa 72. Mke sasa ana 9, mama 12, wa kiume 34, wa kike 17. Ukizijumlisha unapata 72 barabara, bila fungu lililozidi wala lililopungua. Kama mali ni nyumba na shamba vyenye thamani ya shilingi milioni 72, kila fungu ni milioni moja, na hata bibi asiyejua kusoma, aliyekaa kwenye jamvi akisikiliza, anaweza kuhakiki kwamba hakudhulumiwa.

Jambo linalonivutia zaidi ni kile kinachotokea jumla inapozidi kizima. Mwanamke akifariki na kuacha mume na dada wawili wa baba na mama, bila watoto wala wazazi, mume ana nusu na dada wana theluthi mbili. Asili ni 6: mume 3, dada 4, jumla 7. Yametoka mafungu saba katika kizima chenye mafungu sita. Mwanafunzi wetu angeandika 7/6, angeibadilisha kuwa 1 na 1/6, angepewa alama zote na kuendelea na swali linalofuata. Lakini mali ya marehemu haiwezi kuwa moja na sudusi. Katika mapokezi ya Sunni, suala hili lilitokea wakati wa Khalifa Umar bin Khattab, na uamuzi uliofuatwa ulikuwa kuifanya asili iwe 7 badala ya 6, mume apate 3/7 na dada 4/7, ili upungufu umguse kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Wanazuoni wanaliita jambo hilo aul. Swahaba Abdallah bin Abbas hakukubaliana nalo, na madhehebu ya Jaafari ya Washia hayalifuati mpaka leo, yakiona kwamba upungufu uwaangukie warithi fulani na si wote. Sisemi haya ili kutoa fatwa, kazi ambayo ina wenyewe. Ninachokionyesha ni kwamba watu hawa, wote wawili, waliona kwa kutazama kwamba 1/2 na 2/3 haziwezi kukaa pamoja ndani ya kizima kimoja, na mabishano yao yalianzia hapo.

Mfano maarufu zaidi ni ule unaosimuliwa kuhusu Ali bin Abi Talib, kwamba aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke 1/8, mabinti 2/3, baba 1/6, mama 1/6. Kwa asili ya 24 ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Alijibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, kwa maana 3/27 ni 1/9. Iwapo tunataka kujua maana ya kuzifahamu sehemu, nadhani ni hiyo: kuulizwa jumla ya sehemu nne zenye asili tofauti, na kujibu kwa kumwambia mrithi mmoja fungu lake limebadilika kuwa nini. Si ajabu kwamba mwanahisabati Al-Khwarizmi, alipoandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliitenga kwa masuala ya wasia na mirathi.

Sipendekezi kwamba mirathi ya Kiislamu ifundishwe katika kipindi cha hisabati kwenye shule ambazo watoto wake wana dini tofauti. Kinachofaa kuazimwa ni mpangilio wa kazi: kwanza amua kizima kina mafungu mangapi, kisha sema kila mmoja ana mangapi, ndipo ujumlishe au utoe, na mwishoni uhakiki kwamba mafungu yote yamerudi kuwa kizima. Fundi seremala naye hufuata mpangilio huo bila kuujua, kwa sababu futi yake imekwisha kumfanyia kazi. Inchi imegawanywa katika vistari 16, kwa hiyo 5/8 na 3/16 kwake ni vistari 10 na vistari 3, basi 13/16. Mstari wa namba uliochorwa ubaoni una faida hiyohiyo, na una faida ya ziada kwamba una kizima kimoja tu, kwa hiyo kosa la maduara mawili halina pa kuingilia.

Kutoa kuna matatizo yake, na hapa naomba subira ya msomaji kwa sababu mfano unahitaji kufuatwa polepole. Swali ni 3 na 1/4 toa 1 na 2/3. KDS ni 12, kwa hiyo tunayo 3 na 3/12 toa 1 na 8/12. Nane haitoki kwenye tatu, lazima kukopa. Mwanafunzi anakopa 1 kutoka kwenye 3, inabaki 2, na ile aliyoikopa anaipeleka kwenye 3 ya juu. Wengi huandika 13. Kisha 13 toa 8 ni 5, 2 toa 1 ni 1, jibu 1 na 5/12. Limekosewa, lakini kwa namna ya kusisimua: mtoto amekopa kumi. Tangu darasa la pili, kila alipokopa kutoka nafasi ya makumi kwenda nafasi ya mamoja alipata kumi, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa moja inakuja na 12/12 zake. Inatakiwa kuwa 15/12 toa 8/12, yaani 7/12, na jibu ni 1 na 7/12. Wapo pia wanaoona 3 na 8 wakatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko wapi, wakapata 2 na 5/12. Makosa haya mawili yana tiba tofauti kabisa, ila alama ya kosa inayowekwa ni moja.

Njia ya kugeuza kila kitu kuwa sehemu guni, ambazo cha juu kinazidi cha chini, yaani 13/4 toa 5/3, inaepuka kukopa, na 39/12 toa 20/12 ni 19/12, jibu lilelile. Naikubali, ingawa namba zikiwa kubwa, mathalani 48 na 1/4 toa 45 na 2/3, inamfanya mwanafunzi azidishe mambo makubwa kwa ajili ya tofauti ndogo. Njia ambayo haifundishwi vya kutosha ni ya kupanda: kutoka 1 na 2/3 hadi 2 ni 1/3, kutoka 2 hadi 3 na 1/4 ni 1 na 1/4, kwa hiyo tofauti ni 1 pamoja na 1/3 na 1/4. Swali la kutoa limegeuka kuwa la kujumlisha, na mwanafunzi anajua kabla ya kuandika chochote kwamba jibu linazidi moja na nusu kidogo.

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa simu iliyo mkononi ina kikokotoo na desimali zinatosha kwa kila kitu. Kwa robo na nusu ni kweli. Lakini theluthi haina desimali inayoisha, na mtu akigawia warithi watatu mali kwa 0.33 kila mmoja ataacha pesa zisizo na mwenyewe. Jambo zito zaidi liko mbele ya mwanafunzi, sekondari. Katika fizikia, vikinzani viwili vya ohmu 2 na ohmu 3 vikiunganishwa sambamba, ukinzani wao unapatikana kwa kujumlisha 1/2 na 1/3, kupata 5/6, kisha kuipindua kuwa 6/5. Fomula ya lenzi ina umbo hilohilo. Katika aljebra, herufi zinapokaa mahali pa asili, kikokotoo hakina cha kusaidia. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Robert Siegler na wenzake walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Marekani na Uingereza, ulioonyesha kwamba ujuzi wa sehemu na wa kugawanya ambao mtoto anao mwishoni mwa shule ya msingi unabashiri ufaulu wake wa aljebra na hisabati ya sekondari, hata baada ya kuzingatia akili ya mtoto na kipato cha familia. Kwa hiyo anayeanguka katika aljebra akiwa kidato cha pili huenda alianguka miaka kadhaa nyuma, na hakuna aliyeona.

Limebaki suala la KDS, ambalo walimu hulitetea kwa ukali. Swali la 5/12 + 7/18 kwa KDS ya 36 ni 15/36 + 14/36, jibu 29/36. Mwanafunzi aliyezidisha asili mbili akapata 216 ataandika 90/216 + 84/216, jumla 174/216. Amefanya kila kitu sawasawa, akirahisisha atafika 29/36, na hata asiporahisisha, namba aliyoiandika ni ileile. Kumnyima alama zote ni kumwambia kwamba kipimo cha shirika ni kimoja tu, jambo ambalo si kweli. 36, 72 na 216 zote ni vipimo halali. KDS ina thamani, na thamani hiyo inaonekana sehemu zinapokuwa nyingi. Katika suala la mimbari, kuzidisha asili zote nne, 8, 3, 6 na 6, kunaleta 864, ilhali 24 ilitosha. Mwanafunzi aonyeshwe mzigo huo aubebe mara moja, naye ataitafuta KDS kwa hiari yake. Kumlazimisha kabla hajauona ni kumpa dawa ya ugonjwa asioujua.

Mitihani nayo haisaidii sana. Mtihani wa darasa la saba una maswali mengi ya kuchagua jibu, na swali la kuchagua linajua nani amepata bila kujua kwa nini mwingine amekosa. Hilo haliwezi kurekebishwa na mwalimu mmoja. Lakini jaribio la wiki liko mikononi mwake, na anaweza kuweka humo swali moja ambalo wimbo wa kugawanya na kuzidisha hauwezi kulijibu: bila kukokotoa, je, 4/9 + 5/11 inazidi 1 au ni pungufu ya 1, na kwa nini? Anayezifahamu sehemu ataona kwamba nusu ya 9 ni 4.5 na nusu ya 11 ni 5.5, kwamba zote mbili hazikufika nusu, na atajibu kwa sentensi moja. Asiyezifahamu ataanza kutafuta KDS ya 9 na 11, atapata 99, na mwalimu akipita kati ya madawati ataona mara moja ni nani ameanza na 99.